Jibu: Miradi inaisha vizuri lakini mauzo hayasogei

Ndugu, umeuliza kwa nini miradi ya kampuni yenu ya kahawa hapo Mbale inaisha kwa wakati na ndani ya bajeti, ila mauzo yako palepale. Huenda miradi hiyo haijafungwa na lengo la mkakati wa kampuni. Lengo hilo liandikwe kwa kipimo: mfano, arabika iliyooshwa (iliyomenywa na kuoshwa kwa maji kabla ya kukaushwa) itoke asilimia 30 hadi 50 ya mauzo ifikapo Juni 2027. Kila mradi useme unasogeza kipimo kipi, kwa kiasi gani, na mkuu wa idara gani atawajibika baada ya makabidhiano. Hapo ndipo wengi hukwama: mashine ya kumenya kahawa ikishakabidhiwa, meneja wa mradi anaondoka na hakuna anayefuatilia matokeo. Mradi usio na majibu ya mambo hayo matatu usimamisheni, hata ukiwa wa mkurugenzi. Pitieni orodha yote ya miradi kila robo mwaka.