Dawa ya vioo vya dirisha kwenye kishikwambi

Umeuliza kama dawa ya kusafishia vioo vya dirisha inafaa kusafishia kishikwambi (tableti). Hapana ndugu, usikipulizie dawa hiyo, hasa ikiwa ina amonia, kwa sababu juu ya kioo kuna utando mwembamba sana unaozuia mafuta ya vidole yasigande, na dawa hiyo huuharibu. Maelekezo ya Apple kwa vifaa vyake yanaruhusu kupangusa taratibu kwa kitambaa chenye alkoholi ya isopropili ya asilimia 70, lakini yanakataza jiki.

Kwa hapa Tabora wakati wa kiangazi, mimi ninahofia vumbi zaidi ya dawa, kwani chembe za mchanga ni ngumu kuliko kioo cha kawaida, na anayesugua kwa upindo wa shati kabla ya kuziondoa anazikwaruzisha juu ya utando ule ule anaotaka kuulinda. Zima kifaa, ondoa vumbi kwa brashi laini, kisha pangusa kwa kitambaa cha miwani kilicholoweshwa maji kidogo.

Utando huo hupungua kwa matumizi hata ukitunzwa, na kukisugua kioo kwa dawa ya meno hakuurudishi. Ukiisha, bandika protekta ya kioo.