Natania au Nakejeli?

*Swali: Mwenzangu kazini huchelewa kila kikao. Juzi kaingia nusu saa baada ya muda, nikamkaribisha kwa sauti: "Karibu, mzee wa kuwahi! Kiti chako tunacho tangu jana." Watu wakaangua kicheko, mpaka bosi. Jioni akaniandikia kwamba nimemkejeli mbele za watu. Nikamjibu nilikuwa namtania tu, akasema utani ni kichaka changu cha kujifichia. Nani yuko sahihi? Na hizo dhihaka, mzaha na kebehi si kitu kile kile?*

Mwenzako yuko sahihi, ingawa nawe hujasema uongo. Kejeli inataja namna ya kusema: unamvisha mtu sifa ambayo kila aliyepo anajua hana. Kumwita mchelewaji "mzee wa kuwahi" ni kejeli, hata angeitamka mama yake mzazi. Utani unataja uhusiano. Mtu ana mtani wake. Sijawahi kusikia mtu akisema "huyu ni mkebehi wangu" huku amemshika bega. Simba na Yanga magazeti huziita watani wa jadi, na mashabiki wao husemana maneno ambayo yangetoka kwa mtu baki yangezua ngumi. Wazaramo na Wanyamwezi nao ni watani: msibani mtani anaweza kuzuia maziko mpaka apewe chochote, na wafiwa wakacheka. Ana ruhusa.

Kwa hiyo swali la kujiuliza ni kama wewe na huyo ndugu mnataniana. Itazame hiyo *-ana*. Siku gani yeye alikurushia la kwake mbele ya bosi, ukacheka? Kama hakuna, ulikuwa unatania peke yako, na huo mwenzako ana haki ya kuuita jina lingine. Bosi kucheka hakukusaidii. Naona ndiko kulikomchoma zaidi.

Mzaha ni mwepesi: maneno ya kuchekesha, si lazima yamlenge mtu. Masihara ni ndugu yake, na husikika zaidi tunapokana, "sifanyi masihara". Lakini mzaha haukuwa mwepesi siku zote. Zaburi ya kwanza, katika tafsiri ya Biblia iliyozoeleka, inamsifu mtu ambaye hakuketi "barazani pa wenye mizaha", na hao si wachekeshaji, ni watu wanaoyabeza mambo ya Mungu. Siku hizi kwa maana hiyo wengi wetu tungetumia dhihaka.

Dhihaka imesafiri kinyume chake. Shina lake la Kiarabu ni kucheka tu, ila Kiswahili kimelitia ukali. Ndiyo maana Wagalatia inasema "Mungu hadhihakiwi". Jaribu kuweka "hataniwi" hapo usikie sentensi inavyopwaya. Tunadhihaki chenye heshima, au tunamdhihaki mtu kwa asichoweza kukibadili: kigugumizi chake, ulemavu wake, umaskini wa wazazi wake. Kama ungemwigiza mwenzako anavyochechemea kuingia ukumbini, hapo nisingekutetea hata kidogo.

Kebehi ina dharau, tena hutazama chini. Haihitaji hata kuchekesha. "Na wewe pia una maoni?" Hiyo ni kebehi, na inaweza kusemwa bila mtu yeyote kutabasamu. Kijembe ni jamaa mwingine: hakitaji jina. Ungesema ukitazama dirishani, "Wengine saa zao zinafuata majira ya nchi nyingine," ungekuwa umerusha kijembe, na mwenzako angebaki na kazi ya kuamua kama akiokote au akiache kipite. Wenye ndimi hukipenda kwa sababu anayelalamika ndiye anayejitaja.

Mwandikie hivi: "Kweli nilikukejeli, samahani." Neno "tu" liache, la "nilikuwa natania tu". Ndilo linalomwambia kwamba kosa ni lake kuumia.

*Swali: "Kumchezea mtu shere" ni tofauti na kumtania?*

Ndiyo, shere huwa na tendo. Unamwambia mtu anaitwa nje, anatoka mbio, hakuti mtu, anarudi anakuta mmeshikilia mbavu. Hapo kachezewa shere. Maneno matupu, hata yawe makali namna gani, bado hayajafika huko.