Hizi Sio Omena: Vile Nilijifunza Kufuga Samaki wa Maji Meusi

Naanza na maji juu kila mtu huanza na samaki, na hapo ndio pesa hupotelea.

Nilikuwa naishi Nakuru, Section 58, kwa ploti yenye maji ya kisima. Mtu wa Nakuru hahitaji kuelezwa maji ya kisima yakoje, tuangalie tu meno tulivyo na ile rangi ya floraidi halafu uchungulie ndani ya birika uone lile gamba jeupe. Sasa mimi bila kufikiria nikanunua neoni kumi, vile visamaki vidogo vyenye mstari wa bluu na wekundu, nikawatia kwa tenki la lita 40 nikiwa nimelijaza na hayo maji, na vile samaki walikuwa wamekaa pembeni rangi imefifia nikasoma mahali kwamba hawa wanapenda maji ya asidi. Asidi ninayo jikoni, si ndio? Nikamwaga siki.

Usicheke. pH (kipimo cha asidi, ikishuka asidi imeongezeka) ilishuka vizuri kabisa, nikalala nikijiona mwanasayansi, asubuhi ikawa imerudi palepale. Nikaongeza siki. Ikashuka, ikapanda. Kumbe maji ya kisima yamejaa bikaboneti, ukiweka asidi inaishia kupigana na hiyo bikaboneti na kutoa kaboni dioksaidi, hiyo gesi ikishatoka kwa maji pH inapanda tena, na samaki ndio wanabaki wakibebwa juu chini kama mtu kwa matatu isiyo na shoki. Ndani ya wiki moja sita walikuwa wameenda. Wale wanne waliobaki walipona siku niliyochoka nikaachana na siki, wakakaa kwa maji yaleyale magumu zaidi ya mwaka bila shida. Neoni wengi madukani wamezaliwa kwa mabwawa ya kufugia na wamezoea maji ya bomba, kuishi wataishi. Kuzaa ndio hawatakubali.

Niliposhuka Kisumu kikazi, nikapata nyumba Mamboleo, mvua ya kwanza kubwa ya jioni ilinikuta nikiwa kwa varanda nikiangalia maji yakimwagika kutoka kwa mabati yakienda mtaroni bure, na hapo ndio akili ikanijia. Maji laini, yasiyo na madini mengi, yanaanguka kutoka juu! Nikanunua drum. Kipima TDS, kale kadude kadogo kama kalamu ka kupima madini yaliyoyeyuka kwa maji, kilikuwa kikisoma zaidi ya 400 kwa maji yangu ya Nakuru, kwa ya mvua kikasoma 14.

Lakini usikinge tu ovyo. Acha mvua ipige kama nusu saa ndio uweke drum, juu ile ya kwanza inaosha vumbi, mavi ya ndege na moshi. Tena mabati yetu yamepakwa zinki na maji ya mvua yana tabia ya kuilamba, na samaki wadogo zinki haiwakai kabisa. Mabati ya zamani yenye kutu au rangi inayobanduka, achana nayo, afadhali utandaze turubai safi. Na funika drum na neti ya kubana. Hii ni Kisumu, ukiacha maji wazi siku kumi umefuga mbu, na malaria haitakuuliza kama ulikuwa na sababu nzuri. Mimi huwa na ndoo moja tu ya makusudi ya viluwiluwi vya mbu, navivua kila siku mbili kabla viote mabawa nawapa samaki, na hakuna chakula kinawafurahisha kama hicho.

Mbona maji meusi? Yanaitwa meusi lakini ukweli ni rangi ya turungi. Kule Brazil kuna Rio Negro, mto unaopita msituni kwenye mchanga usio na madini, majani yanaangukia humo yanaoza polepole mpaka maji yanakuwa ya hudhurungi na pH yake inacheza kama 4 hadi 5. Karibu na Manaus unakutana na Solimões wenye maji ya matope na mito hiyo miwili inatembea bega kwa bega kilomita kadhaa kabla ichanganyike. Huko ndio wanatoka kadinali, ndugu wa neoni. Sisi tukiweka majani kwa tenki tunaiga hilo tu.

Majani bora ni ya mkungu, ule mti wa kivuli wenye matawi ya ngazi ngazi ambao Pwani umejaa kila uwanja. Binamu yangu Mombasa ananitumia gunia kwa basi mara moja kwa mwaka. Yakikosa, majani ya mpera yaliyokauka yenyewe yakaanguka, au ya ndizi, yanafanya kazi. Ya parachichi hapana, yana sumu kwa samaki. Na mikaratusi, zile blugamu za kila boma huku magharibi, usithubutu, yale mafuta yake hayafai. Osha, chemsha kidogo, weka matatu manne, ngoja wiki uone rangi. Elewa tu kwamba majani hayalainishi maji. Ukiyatia kwa maji ya kisima utapata maji magumu yenye rangi ya chai, basi.

Sasa kuwatambua, maana madukani kila kitu chenye mstari wa bluu kinaitwa neoni. Angalia wekundu. Kama wekundu umeanzia katikati ya mwili kuelekea mkiani, na tumbo la mbele ni jeupe la fedha, huyo ni neoni wa kawaida. Kama wekundu umetoka karibu na kichwa mpaka mkiani, tumbo lote limewaka, huyo ni kadinali, na ni mkubwa kidogo. Wa tatu ni neoni kijani, mdogo kuliko wote, wekundu wake hafifu sana lakini ule mstari wa bluu-kijani unaenda mpaka shina la mkia, ilhali ule wa neoni wa kawaida unakatikia kabla. Nililetewa hawa kijani wakiwa wamechanganywa na neoni wa kawaida, nikadhani ni neoni wagonjwa wasio na rangi, karibu niwatupe. Halafu kuna kisa napenda cha kadinali: mwaka 1956 wataalamu wa pande mbili walimpa jina la kisayansi wakipishana siku moja tu, ikabidi tume ya kimataifa ya majina ya wanyama iamue, na ndio maana leo ni Paracheirodon axelrodi. Watu wazima, samaki wa sentimita tatu.

Jike na dume utawatofautisha kwa tumbo. Jike akijaa mayai ule mstari wa bluu unaonekana umepinda, wa dume umenyooka kama rula. Usiangalie kitu kingine.

Kuzalisha nilijaribu mara tano. Mara ya kwanza na ya pili niliwaacha kwa tenki kubwa nikitumaini, wakataga na wakakula mayai yote, hawa hawana huruma ya mzazi kabisa. Ya tatu mayai yakawa meupe yote kwa kuvu, kwa sababu nilikuwa nimechanganya maji ya bomba nusu kwa nusu. Ya nne nilijua kila kitu isipokuwa mwanga. Mayai ya neoni hayataki mwanga, na mimi nilikuwa nayamulika na tochi ya simu kila nusu saa kama mlinzi.

Ya tano nikafanya hivi. Kitenki cha lita 15, hakuna changarawe, chini nimeweka wavu wa plastiki ili mayai yapite wazazi wasiyafikie, na kishungi cha uzi wa kufuma. Maji ya mvua yaliyokaa na majani ya mkungu wiki tatu, TDS chini ya 40, pH kama 5.5, joto 25, na Kisumu hata hita sikuhitaji (Nakuru usiku utahitaji). Sponji filta iliyofunguliwa kidogo tu. Wiki nzima kabla nikawalisha viluwiluwi, dume peke yake jike peke yake, halafu jioni moja nikawaweka pamoja nikafunika tenki lote na leso. Asubuhi mapema nikafunua upande mmoja kidogo, mwanga hafifu ukaingia, na wakaanza kukimbizana kwenye uzi. Saa nne nikawatoa, nikafunika tena, nikajizuia kuchungulia. Kesho yake mayai yalikuwa yameanguliwa, vifaranga kama vipande vya kucha vyenye macho vimeshikilia vioo.

Siku nne za kwanza hawali, wanatumia kiini chao. Siku ya tano wakianza kuogelea ndio kazi, maana midomo yao ni midogo hata artemia, vile vijikamba vidogo vya kulishia samaki, aliyetoka kwa yai jana haingii. Wanataka vile vijidudu vya maji visivyoonekana. Weka jani la sukuma wiki lililonyauka kwa chupa ya maji ya tenki, dirishani, mpaka maji yawe na ukungu halafu yaanze kung'aa tena. Anza chupa hiyo wiki moja KABLA ya kuzalisha, sio siku ile unaihitaji. Matone mara nne kwa siku. Karibu siku ya kumi wanaweza artemia, na hapo umepumua. Kwangu walibaki 31. Mstari wa bluu ulitokea wiki ya nne hivi, na mama jirani, ambaye tangu nihamie amekuwa akiniuliza, "Nyathina (mwanangu), hizo omena zako ni za kuuza ama za kukula?" alikuja akainama mbele ya tenki, akanyamaza kidogo, akasema "aa, hizi haziwezi shibisha mtu."

Onyo moja lilinigharimu kadinali nane. Kwa maji ya pH chini ya 6 wale bakteria wa filta wanaosafisha uchafu wa samaki wanazubaa, uchafu unabaki kama amoniamu ambayo haiumi sana, kwa hivyo samaki wanaonekana wazima kumbe maji yamejaa. Kiangazi kimoja drum ikakauka, nikabadilisha nusu ya maji kwa mkupuo na ya bomba. pH ikapanda, amoniamu yote ikageuka amonia yenye sumu, jioni ikawa msiba. Kwa hivyo samaki wachache, chakula kidogo, na ubadilishe maji kidogo kidogo kila wiki ukitumia maji yanayofanana.

Na ukiona neoni mmoja rangi imebanduka kama kiraka cheupe mgongoni, amejitenga usiku, mtoe mara moja, ule ugonjwa wa neoni hauna dawa na wenzake wakila mzoga wake wanaupata.

Jamaa zangu wa Nakuru wananiomba vifaranga. Nawapa, lakini wakishafika miezi mitatu, na kabla waende nawazoesha wiki mbili mbele, kila siku kikombe cha maji ya bomba. Wakifika huko wanatiwa kwa tenki kupitia mpira mwembamba, tone kwa tone, saa mbili. Mmoja alimwaga tu mfuko mzima ndani. Huyo sasa ananunua dukani.