Re: Estonia inaweza kuisaidia nini Ukraine?

Mkuu, umeuliza kanchi ka watu milioni 1.3 kanaweza kutoa nini zaidi ya blanketi na matamko. Kanatoa mizinga.

Makombora ya Javelin ya kubomoa vifaru kutoka Estonia yalifika Ukraine siku chache kabla ya uvamizi wa Februari 2022, wakati wakubwa wa Ulaya bado wanabishana. Januari 2023 wakatangaza kutoa mizinga yao yote ya FH-70, ile ya milimita 155. Yote, mkuu! Hawakubaki mikono mitupu, maana walishaagiza mingine ya K9 toka Korea Kusini, lakini jeshi gani linafungua ghala kiasi hicho?

Halafu usipime kwa dola, pima kwa uwezo. Msaada wao wa kijeshi umepita asilimia 1 ya pato la taifa, na kuanzia 2024 waliahidi asilimia 0.25 kila mwaka kwa miaka minne. Marekani ilitoa fedha nyingi zaidi, ila ukigawa kwa uchumi wake, Estonia iko mbele. Bado kuna hospitali za kijeshi za kuhamishika walizochangia na Ujerumani, na chekechea waliyojenga Ovruch, mkoa wa Zhytomyr.

Kwa nini wanajibana hivyo? Wasovieti waliwakalia 1940, na Machi 1949 watu zaidi ya 20,000, wengi wanawake na watoto, wakasombwa kwa treni hadi Siberia. Uhuru waliurudisha 1991 tu. Na Urusi wanapakana nayo: ukisimama Narva, mji wao wa mpakani, unaiona ng'ambo ya mto.