Re: Gauni la kitenge linachomoka nyuzi ndani, sina ovaloki (mashine ya kufunga kingo za kitambaa)

Habari dada, pole na hongera kwa kujishonea. Umesema cherehani yako ni ya mshono ulionyooka tu na kila ukifua gauni linatoa nyuzi ndani.

Kwanza geuza gauni upime kitambaa kilichobaki nje ya mshono wa ubavuni. Kama kuna sm 1.5 usifumue, kunja kingo zote mbili kwa ndani kama nusu sm zitazamane, piga pasi, halafu zishone pamoja pembeni kabisa, nyuzi zitabaki zimefungiwa humo. Kama imebaki chini ya sm 1 zungushia utepe wa kitambaa uliokatwa mshazari, mi napenda huo hata kwenye kwapa na shingo maana unafuata mviringo bila kujikunja.

Gauni lijalo anza kinyume, uso wa kitambaa uwe nje, shona nusu sm kutoka ukingoni, punguza kingo na mkasi zibaki milimita 3, pasi, geuza nyuso zigusane ushone tena sm 1, ndani panatoka pasafi kama nje. Na kitenge kifue kabla hujakata, pamba inarudi.

Ila hii njia ya kushona mara mbili ni ya vitambaa vyepesi, jinzi inakuwa nene mno. Na ukitumia ile ya kukunja kingo, ubavuni acha hata sm 2, ukinenepa unafumua unaongeza, nguo nyingi za dukani hazikuachii hiyo nafasi. Ukikwama kwenye zipu weka picha hapa tuione.