Wasomaji wanauliza: Zamu za majirani, mteremko wa mlangoni na namba ya siri

SWALI: Mtaani kwetu Tanga kuna bibi aliyevuka miaka 80 anayeishi peke yake. Watoto wako mbali, naye hataki kuhama. Tulianza kumsaidia majirani tisa, sasa tumebaki wawili na tumechoka. Tufanyeje?

JIBU: Wale saba hawakuondoka kwa roho mbaya. “Kumsaidia bibi” ni kazi isiyo na mwanzo wala mwisho, na kazi ya namna hiyo humwangukia anayekaa karibu. Anzeni upya kwa kumuuliza bibi mwenyewe, si watoto wake, ni yapi anayamudu na yapi yamemshinda. Orodha huwa fupi kuliko mnavyodhani: maji, sokoni, kufuata dawa, labda kufua mashuka. Kupika na kufagia mwachieni kama anaweza, hata ikimchukua asubuhi nzima. Mzee akikalishwa tu, miguu huisha nguvu upesi.

Kisha kila kazi ipate mtu na siku. Msiseme “tutampelekea maji”. Semeni nani analeta Jumanne na nani Ijumaa. Watu watano au sita wanatosha, kila mmoja na kazi moja. Mmoja zaidi asiwe na zamu kabisa. Huyo kazi yake ni kutafuta mbadala mwenzenu akisafiri au akiuguliwa. Mipango mingi hufia hapo: zamu moja inarukwa, hakuna anayeiziba, na wiki ijayo kila mtu anajiona ana ruhusa ya kuruka. Daftari la zamu likae kwa bibi, ili naye ajue nani hakuja.

Kwenye maji, angalieni namna ya kuyaweka. Ndoo ya lita 20 iliyojaa ina uzito wa kilo 20, na kuiacha sakafuni ni kumwalika bibi aanguke. Yagaweni kwenye madumu ya lita 5, au mpeni ndoo yenye koki juu ya kigoda imara, achote bila kuinama.

Kwa usiku, kubalianeni ishara. Akiamka atundike kanga mlangoni. Saa mbili asubuhi ikiwa haipo, jirani wa karibu apige hodi bila kusubiri kuitisha kikao. Ufunguo wa akiba ukae kwa jirani aliyemchagua yeye, na usiku mlango ufungwe kwa kitasa. Komeo la ndani litawalazimu kuvunja mlango siku bibi yuko chini hawezi kuinuka.

Jambo la mwisho ni matibabu. Kwa Tanzania Bara, Sera ya Taifa ya Wazee ya 2003 ilitambua matibabu bila malipo kwa wenye miaka 60 na zaidi wasio na uwezo. Kama bibi hana kitambulisho cha wazee, mmoja wenu aanzie kwa mtendaji wa mtaa na ofisa ustawi wa jamii.

SWALI: Natumia kiti mwendo. Fundi amenijengea mteremko mlangoni, lakini siwezi kupanda bila kusukumwa. Kosa ni langu au lake? (Morogoro)

JIBU: Lake. Mafundi wengi hujenga mteremko wa kupandishia pikipiki. Kanuni ni kwamba kila sentimita 1 ya kimo idai sentimita 12 za urefu. Pima kutoka ardhini hadi kizingiti: ikiwa ni sentimita 30, mteremko uwe na urefu wa mita 3.6. Uwanja ukiwa mfupi, ukunje, na penye kona uache sehemu tambarare ya mita 1.5 kwa 1.5 ya kugeuzia kiti. Hata mbele ya mlango acha tambarare, la sivyo utakuwa unafungua mlango huku kiti kinarudi nyuma.

Upana usipungue sentimita 90, na kingo ziinuliwe kidogo ili gurudumu lisichomoke. Mkataze fundi asipige niru, inateleza mvua ikinyesha. Zege likiwa bado bichi alikwaruze kwa ufagio mgumu, mistari ikate njia, kisha limwagiliwe maji siku saba.

Akiwa hapo hapo, mwambie ageuze mlango wa choo ufunguke kwa nje. Ukianguka ndani ya choo chenye mlango unaofunguka kwa ndani, mwili wako ndio unaozuia mlango.

SWALI: Mjomba wangu wa Mombasa ana miaka 74 na macho yamefifia. Kijana wa jirani ndiye humtolea Sh2,000 za mwezi za Inua Jamii, mpango wa serikali ya Kenya wa kuwapa wazee pesa. Watu wananong'ona. Tumwondoe?

JIBU: Msimwondoe kwa minong'ono, badilisheni utaratibu. Mjomba aende naye kwa wakala, pesa zihesabiwe mkononi mwake mbele ya mtu wa tatu, na kiasi kiandikwe siku hiyo hiyo. Anayesindikiza kutoa pesa asiwe ndiye anayetumwa dukani. Kama kuna namba ya siri, abaki nayo mjomba. Kama imeshajulikana, ibadilishwe leo. Kijana mwaminifu atafurahia haya, kwa kuwa yanamlinda pia. Akikasirika, mna la kujadili.

SWALI: Breki za kiti mwendo changu hazishiki tena. Nibadilishe?

JIBU: Jaza upepo kwanza. Breki hizo hubana tairi lenyewe, kwa hiyo tairi likilegea hazina cha kubana. Zikiteleza bado, fundi baiskeli alegeze boliti, azisogeze karibu na tairi, akaze. Ni breki za kuegesha tu. Mteremkoni punguza mwendo kwa viganja kwenye ringi ya kusukumia, ukiwa na glavu.