Bahasha ya juri si takataka

Saa tatu usiku jirani yangu alinipigia simu akinong'ona, kama mtu anayeogopa kuamsha watoto. Ni mama wa Kikongo, na kwa kawaida sauti yake utaisikia tangu kule kwenye maegesho. "Dada, wameniita tribunali. Sikuiba kitu, sikupigana na mtu." Nikamwambia anisomee maneno makubwa ya juu. Akasoma herufi moja moja. Nikacheka, naye akakasirika.

Sikuwa na haki ya kumcheka. Mimi yangu ilipofika niliificha siku nne kwenye droo ya vijiko. Nilijua kabisa kwamba mahakama haimwiti mtu kwa heri.

Ilikuwa barua ya juri. Redio zetu huwa zinasema "baraza la wazee wa mahakama", jina lenye heshima zake, ila linapotosha. Katika watu sita tuliokaa pamoja, mmoja alikuwa binti wa miaka 19 mwenye kucha za kijani. Hapa Texas sharti la umri ni kutimiza miaka 18, basi. Kompyuta inaokota majina, mnaitwa, mnachujwa, na mkibaki ninyi ndio mnaosema kama mshtakiwa ana hatia au hana. Nyumbani Tanzania nilikua nikisikia habari za wazee wa baraza wanaokaa na jaji Mahakama Kuu, lakini wale walitoa maoni tu, jaji hakulazimika kuyafuata. Huku jaji ndiye anayewasubiri ninyi.

Kabla sijaenda mbali, nianze na lile linaloweza kumfukuzisha mtu nchi.

Majina ya kuitwa juri Texas yanatoka kwenye orodha ya wapiga kura na orodha ya watu wenye leseni ya udereva au kitambulisho cha jimbo. Leseni anayo hata asiye raia. Ndiyo maana jirani yangu, mwenye grini kadi (kibali cha ukaazi wa kudumu, si uraia), ameitwa. Barua haina maana kwamba serikali imempa uraia kimyakimya, na haina maana kwamba imemshuku. Kuna fomu, na kwenye fomu kuna swali: je, wewe ni raia wa Marekani? Kama si raia, jibu ni hapana, unatia sahihi, unairudisha, yamekwisha. Usiseme ndiyo kwa kuogopa kuonekana mkaidi. Kudai uraia usio nao ni moja ya makosa mazito kuliko yote katika sheria za uhamiaji za nchi hii, na samahani yake ni ngumu mno kuipata. Mtego huo huo uko pale unapokata leseni, maana tangu sheria ya mwaka 1993 ofisi za leseni katika majimbo mengi hukuuliza kama unataka kujiandikisha kupiga kura. Karani ana haraka, foleni ndefu, wewe unaitikia kila kitu ili utoke. Usiitikie. Na kama umeshajiandikisha kwa makosa, usipige kura na usijibu barua yoyote mpaka uonane na mwanasheria wa uhamiaji. Nasema mwanasheria, si yule kaka wa kanisani anayejaza fomu za watu kwa dola hamsini.

Upande wa pili wako wajanja wetu. Ni raia, wameapa, wana picha na bendera ndogo, halafu barua ya juri ikija wanaandika kwamba si raia ili wasipoteze shifti. Jamani. Karani wa mahakama hapa hupeleka majina ya waliosema si raia kwa msajili wa wapiga kura. Utakwepa siku moja ya kukaa kwenye kiti, kisha uchaguzi ukifika ukute jina lako lina mushkeli, nawe ndiwe uliyelichafua kwa mkono wako.

Mwenye sababu ya kweli aiseme. Mwanafunzi wa chuo anaweza kusamehewa, mwenye mtoto mdogo asiye na wa kumwachia pia, na asiye na sababu ila tarehe imemkalia vibaya aombe kusogezewa. Kunyamaza ndiko kunakogharimu: faini ya kutotokea inaanzia dola 100 na kufika 1,000. Lakini faini hiyo haitakujia kwa simu. Wako matapeli wanaopiga wakijiita masheriff, wanakwambia hukwenda juri, hati ya kukukamata imeshatoka, kanunue kadi za zawadi dukani uwasomee namba. Wanajua wageni wanaogopa. Kata simu, kisha wewe mwenyewe tafuta namba ya mahakama uwapigie.

Sasa yangu.

Mtihani wangu wa uraia ulikuwa ule wa maswali 100, ofisa anakuuliza hadi 10 na ukipata 6 umepita. (Waliopeleka maombi kuanzia tarehe 20 Oktoba 2025 wana kazi kubwa zaidi: orodha ya 128, maswali 20, na wanatakiwa wapate 12.) Katika ile orodha kulikuwa na swali la kutaja wajibu mmoja wa raia peke yake. Majibu yalikuwa mawili: kutumikia juri au kupiga kura katika uchaguzi wa shirikisho. Nilikariri la juri ndani ya gari, nikienda kazini, kama nilivyokariri madrasa nikiwa mdogo Tanga. Sikuuliza maana yake. Nilitaka sita zangu.

Msimamizi wangu kazini alipoona barua alivuta pumzi ndefu. Ujue hivi: sheria ya Texas inakataza kumfukuza mtu kazi kwa sababu ya juri, lakini haimlazimishi mwajiri binafsi akulipe kwa siku hizo. Mimi sikulipwa. Mahakama hutoa dola 20 siku ya kwanza na dola 58 kila siku inayofuata, na hayo ni maendeleo, kwa sababu hadi Agosti 2023 siku ya kwanza ilikuwa dola 6.

Ukumbini tulijaa kama stendi ya mabasi mkesha wa sikukuu. Kwa miaka yangu yote Marekani nilikuwa sijawahi kukaa na watu mchanganyiko namna ile. Fikiria maisha yetu: kazini niko na Wafilipino na Wanaijeria, ibadani Waswahili, mtaani kila mtu yuko ndani ya gari lake. Wamarekani wenyewe wanaishi hivyo hivyo, kila kundi na mtaa wake na chaneli yake. Pale alikuwepo mtu wa suti mwenye saa ya bei mbaya, na mpishi wa mgahawa bado na alama ya mafuta mkononi, na pembeni yangu mzee Mzungu mwenye kofia yenye picha ya ndege tai na bendera, aliyeivua na kuiweka magotini tulipoingia mahakamani. Nilijiambia, huyu namjua. Watu kama yeye nilikuwa nawaona kila jioni kwenye televisheni.

Kisha ukaja mchujo. Hii ndiyo sehemu ninayotaka uielewe vizuri, maana ndipo wengi wetu tunapoharibu. Mwendesha mashtaka na wakili wa utetezi wanawauliza maswali, mbele ya wote. Yupo aliyewahi kuonewa na polisi? Yupo ambaye ndugu yake aliuawa na mlevi barabarani? Yupo ambaye dini yake haimruhusu kumhukumu mwenzake? Hawatafuti mwenye akili nyingi. Wanatafuta wa kuondoa. Kila upande una idadi ya watu wa kuwakata bila kutaja sababu, ingawa tangu mwaka 1986 Mahakama ya Juu ya Marekani imekataza kumkata mtu kwa ajili ya rangi yake. Jibu ukweli, kwa kifupi. Usijifanye mbaguzi ili urudishwe nyumbani, kuna kijana alijaribu na jaji alimhoji mpaka akatoka jasho. Wala usijidharau kwa lafudhi. Niliinua mkono nikasema Kiingereza changu ni cha kujifunzia ukubwani. Jaji akaniuliza, umenielewa mpaka sasa? Nikasema ndiyo. Akasema, basi keti.

Wakanichagua. Kesi ndogo, ya kuendesha gari akiwa amelewa, na kesi za ngazi hiyo Texas husikilizwa na watu sita. Makosa makubwa ndiyo ya watu 12.

Nikiwa kwenye kile kiti niliwakumbuka wale 12 wa New York mwaka 2024. Walipochujwa kwa kesi ya Donald Trump waliulizwa hata habari zao huzipata wapi. Walikaa wiki kadhaa, na tarehe 30 Mei wakamkuta na hatia katika mashtaka yote 34. Nchi nzima ilikuwa inapigana kuhusu kesi ile, kwenye simu, kwenye meza za chakula, na sisi kwenye magrupu yetu ya WhatsApp tukiwa tumegawanyika Simba na Yanga. Wale 12 ndio waliokuwa wamekatazwa kuijadili, hata wao kwa wao, mpaka ushahidi uishe. Nasi tulikatazwa hivyo hivyo. Usimweleze mume, usitafute jina la mtu kwenye Google, usipite mahali pa tukio kuangalia taa za barabarani. Mume wangu alinuna siku mbili.

Mshtakiwa hakusema neno. Siku zote za kesi alikaa, akaandika andika, akanyamaza. Hakupulizia kile kifaa cha kupima pumzi, alikikataa usiku ule barabarani. Kilichobaki ni askari na video. Moyoni nilikuwa nimeshamaliza. Kwetu mtu akisingiziwa anapiga kelele mpaka majirani watoke.

Tulipofungiwa chumbani tulipiga kura ya vikaratasi. Watatu hatia, watatu hapana. Mimi nilikuwa wa hatia. Tulipoanza kueleza sababu, niliona aibu kusema kwanza mbele ya wakubwa, nikangoja yule mzee wa kofia aseme, nikiamini atasema ninayotaka kusikia, maana mtu wa namna ile lazima yuko na polisi. Akasema alipiga hapana. Akasema hakuna serikali anayoiamini kiasi cha kuipa uhuru wa mtu kwa ushahidi nusu, na mtu kunyamaza si ushahidi, jaji ametusomea. Kweli alitusomea. Katiba inampa mshtakiwa haki ya kunyamaza, na sisi tuliapa kutoihesabu dhidi yake. Nilikuwa nimeapa siku chache tu nyuma, na nilichokuwa nimekishika mkononi ni kile kimya.

Kwa hiyo nikalazimika kutafuta sababu nyingine au kubadili kura. Binti wa kucha za kijani akaomba video irudiwe. Tukaitazama mara tatu. Mara ya tatu niliona nisichokiona mwanzo: askari anamwomba leseni, naye anaitafuta mifukoni, kwenye dashibodi, chini ya kiti, na leseni ameishika muda wote mkono wa kushoto. Nikasema. Kwa Kiingereza changu cha ukubwani, nikisimama kwa sababu nimelelewa hivyo. Mzee akaomba turudishe pale. Akakaa kimya muda. Akauliza na kile kigugumizi, na ule mstari alioshindwa kuutembea, akavijumlisha moja moja kwa vidole. Ilipofika saa kumi jioni tulikuwa sita kwa sita. Ana hatia.

Sikulala vizuri usiku ule. Ushauri mwingine huo, kama unauhesabu: usipange shifti ya usiku siku ya hukumu.

Hakuna aliyemwuliza mwenzake anapigia chama gani. Sijui wale wengine watano walimchagua nani, wala hawajui mimi nilimchagua nani, ingawa bila shaka walinikisia kama nilivyomkisia mzee. Ndiyo maana namwambia kila raia mpya wa kwetu: ukitaka kuijua nchi hii, zima televisheni wiki hiyo uende juri. Na ukiwa ndani usikae kama mgeni aliyekaribishwa chai. Katika makosa ya jinai hukumu lazima iwe ya wote, tangu mwaka 2020 ni hivyo majimbo yote, hata Louisiana na Oregon zilizokuwa zinaruhusu kumpuuza mmoja au wawili. Maana yake bila sauti yako hakuna hukumu. Zile adabu zetu za kuwaachia wakubwa waseme ni nzuri msibani. Mle ndani kuna mtu anaweza kulala jela kwa sababu ulikuwa unamwonea mzee haya.

Jirani yangu alikuja na fomu kesho yake baada ya ile simu. Tukaijaza mezani, tukaweka alama kwenye hapana, akatia sahihi, tukaipiga picha kwa kumbukumbu, nikampeleka posta mwenyewe.

Na juzi bahasha nyingine imeingia kwenye sanduku letu. Safari hii ina jina la mume wangu. Anasema atawaambia hajui Kiingereza, yeye aliyebishana na kampuni ya bima dakika arobaini bila kumeza mate. Nimeibandika kwenye friji, pembeni nimeandika: vaa suruali ndefu, beba kitabu na sweta. AC yao mle ndani ni kama Lushoto mwezi wa saba.